Kabla ya Figo Kuna Mshipa (Sehemu ya Nne)

Tangu Aprili 2025, Wizara ya Afya iliposimamisha upandikizaji figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret na kuunda kamati ya kuchunguza madai kwamba vijana walikuwa wakiuza figo zao, neno figo halijabanduka midomoni mwa Wakenya. Kila baraza lina wa kumlaani muuzaji, mnunuzi, dalali na daktari. Laana hizo zina haki yake, na hapa chini nitaongeza yangu. Lakini katika kelele zote hizo limekosekana swali moja lenye sura ndogo na uzito mkubwa: huyo mgonjwa anayengojea figo, iwe ya ndugu au ya kununua, damu yake imekuwa ikitolewa mwilini kupitia wapi? Sehemu tatu zilizotangulia zilieleza figo huchuja nini, kisukari na shinikizo la damu huzimalizaje, na mashine ya dayalisisi hushikaje zamu zikishindwa. Sitayarudia hayo. Leo nashikilia jambo moja tu, kwamba upandikizaji hauanzii chumba cha upasuaji. Huanza siku mgonjwa anapotobolewa mara ya kwanza ili damu yake isafishwe, na mahali alipotobolewa huweza kuamua, miaka miwili mitatu baadaye, kama figo ya ndugu yake itapata pa kukaa.

Wengi hudhani figo mpya huwekwa mgongoni, palipokuwa na ile iliyokufa. Sivyo. Aghalabu zile za zamani huachwa pale pale, na mpya hulazwa chini ya tumbo upande mmoja, karibu na nyonga, kisha vena yake hushonwa kwenye vena kubwa inayopandisha damu kutoka mguuni. Sasa mtazame mgonjwa aliyefikishwa hospitalini usiku akihema, mwili umevimba, sumu imempanda kichwani. Mahali rahisi pa kumwingizia katheta, yaani mrija wa kutolea damu, ni kinenani: mshipa ni mnene, uko karibu na ngozi, na hauko jirani na pafu. Hutobolewa hapo. Katheta ikidumu majuma, ikitolewa na nyingine kuingizwa upande wa pili, ukuta wa mshipa hupata makovu na damu huweza kuganda ndani yake na kupanda hadi ile vena ya nyonga ambayo daktari wa upandikizaji angeihitaji. Mkulima wa mpunga wa delta ya Tana ataelewa upesi: ni kuziba mfereji, kisha kwenda kukopa pesa za mbegu. Mlango mwingine wenye hila ni ule wa chini ya mtulinga. Katheta ikiwekwa hapo, mshipa hupenda kusinyaa baadaye, mkono ukavimba, na mkono huo ukawa haufai tena kwa njia bora ya kusafishia damu nitakayoieleza punde. Ndiyo sababu miongozo ya madaktari hutaka shingo ya kulia itangulizwe, kwa kuwa vena yake hushuka karibu moja kwa moja hadi kwenye moyo, na sindano iongozwe kwa ultrasaundi badala ya kupapasa.

Tena kuna madhara yasiyoonekana kwa macho. Katheta ni mlango uliobaki wazi kati ya dunia na damu. Bakteria hujenga utando juu ya plastiki na kujificha humo dawa zisiwafikie. Mgonjwa hupata homa na kutetemeka katikati ya kusafishwa, hulazwa, hupungukiwa damu, huongezewa ya watu wengine. Kila chupa ya damu ya mtu mwingine ni somo kwa kinga ya mwili: huifundisha kutambua tishu za kigeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Siku dada yake anapojitolea figo, vipimo huonyesha kwamba mwili wa mgonjwa umekwisha kuikataa kabla haijafika. Dada hakukosea kitu, wala mpasuaji. Kosa lilianzia kwenye mrija uliochafuka, na hakuna kamati ya uchunguzi itakayoundwa kwa ajili yake.

Historia yote ya dayalisisi, ukiisoma kwa makini, ni historia ya mlango huu kuliko ya mashine. Willem Kolff alitengeneza figo bandia katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya Wanazi na vifaa havipatikani. Alitumia ngozi ya selofeni ya kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa la mbao ndani ya maji ya chumvi. Mashine ilifanya kazi. Hata hivyo wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa, na mtu wa kwanza ambaye maisha yake yaliokolewa nayo, mwanamke wa miaka 67, alitibiwa mwaka 1945. Sababu moja kubwa ni kwamba kila mara Kolff alipaswa kupasua mshipa mpya, na mishipa ya binadamu ina hesabu. Ikiisha, mashine inabaki ikizunguka na mgonjwa anazikwa. Kwa miaka kumi na mitano iliyofuata dayalisisi ilikuwa dawa ya waliozimikiwa figo kwa muda tu, majeruhi wa vita na wanawake waliotokwa na damu katika uzazi. Mwenye figo zilizokufa kabisa hakuwa na lake.

Aliyeuvunja ukuta huo ni Belding Scribner wa Seattle, Marekani. Mwaka 1960, akisaidiwa na fundi mhandisi Wayne Quinton, alichukua mirija miwili ya Teflon, plastiki telezi ile ile ya sufuria zisizoshika chakula, akaingiza mmoja kwenye ateri ya mkono na mwingine kwenye vena, kisha akaiunganisha nje ya ngozi kwa kipande chenye umbo la herufi U. Damu ilizunguka humo mchana na usiku bila kuganda. Ikifika zamu ya mashine, kipande kilifunguliwa na mgonjwa akaunganishwa. Clyde Shields, mgonjwa wa kwanza, alikuwa amekaribia kufa mwezi Machi mwaka huo. Aliishi hadi 1971. Zingatieni kilichofuata, maana ndimo tabia ya mwanadamu ilipojidhihirisha: mara njia ilipopatikana, mashine hazikutosha, na Seattle ikaunda kamati ya raia saba wa kuchagua nani aishi. Jarida la Life liliifichua mwaka 1962. Wanakamati hao walipima kazi ya mtu, ndoa yake, watoto wake, hata kuhudhuria kwake kanisani. Tunaowacheka tujiulize kama nauli ya kutoka Garsen, kule deltani, hadi Mombasa si kamati ya aina hiyo hiyo, isiyokaa kikao wala kuandika kumbukumbu.

Mwaka 1961, mwaka ule ule mto Tana ulipofurika hadi wazee wakaufanya alama ya kuhesabia umri wa watoto, Stanley Shaldon wa London aliingiza katheta kwenye mishipa ya paja kwa sindano na waya, ufundi ambao Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alikuwa ameueleza mwaka 1953 kwa ajili ya picha za mishipa. Hakuhitaji mpasuaji. Hapo ndipo ilipozaliwa katheta inayotumika leo katika kila kitengo cha figo Afrika Mashariki, na hapo pia ndipo ulipozaliwa uvivu wetu, kwa sababu jambo lisilohitaji mpasuaji huonekana halihitaji mpango. Miaka mitano baadaye, 1966, James Cimino na Michael Brescia wa New York pamoja na mpasuaji Kenneth Appell walichapisha wazo lililokuwa jepesi kupita yote: usiache plastiki yoyote mwilini. Shona ateri ya kifundo cha mkono na vena iliyo jirani yake, ungoje. Vena, ikisukumwa na nguvu ya ateri, hunenepa na kuwa ngumu kama kamba, na sindano huweza kuichoma mara nyingi kwa miaka. Njia hiyo huitwa fistula ya mkono; isichanganywe na nasuri ya uzazi, ambayo ni balaa, ilhali hii ni neema iliyotengenezwa kwa makusudi. Tatizo lake ni kwamba hudai subira. Huchukua majuma, pengine miezi, kukomaa, kwa hiyo inapaswa kushonwa mgonjwa angali anatembea na anajiona mzima.

Wapo watakaosema nawaonea madaktari wa zamu, na hoja yao ina nguvu. Mgonjwa asiyepumua hawezi kungoja fistula ikomae. Kitakachopatikana ndicho kitakachomwokoa. Wana hata utafiti wa kuwaunga mkono. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi ya Wafaransa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, ambapo watu 750 waliohitaji kusafishwa damu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine katheta ya kinena na wengine ya shingo. Kwa jumla maambukizi hayakutofautiana. Ni wagonjwa wanene tu waliodhurika zaidi kwa ile ya kinena. Naikubali kazi hiyo, tena ni nzuri. Lakini iliuliza swali la siku chache, kwa mtu aliyelala kitandani, na kilichopimwa hasa ni vijidudu. Haikuuliza vena ya nyonga ya mtu huyo itakuwaje akitafutiwa figo baada ya miaka mitatu. Dharura ni dharura, na katheta ya dharura haina lawama siku ya kwanza. Lawama huanza wiki ya tatu, pale ya muda ilipogeuka ya kudumu kwa sababu hakuna aliyepanga inayofuata. Tangu miaka ya 1980 zipo katheta zinazopitishwa kwenye handaki chini ya ngozi, zenye kola ya kitambaa ambamo nyama huota na kuwazuia bakteria njiani. Hizo ndizo za kumwekea mtu ambaye lazima angoje. Ile ya muda miongozo haitaki ipite majuma mawili.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi. Husemwa kwamba wenye fistula huishi zaidi kwa sababu tangu mwanzo walikuwa na afya kuliko wenye katheta, si kwa sababu ya fistula yenyewe. Ni kweli takwimu nyingi zina dosari hiyo, na ni kweli pia kwamba kwa mzee mwenye kisukari fistula huweza kukataa kukomaa. Ndiyo maana miongozo ya Marekani ya mwaka 2019 haikusema tena fistula kwa kila mtu, bali mpango wa maisha kwa kila mgonjwa: anaanza na njia gani, ikiharibika atahamia ipi, na figo mpya itatoka wapi. Mimi naona mabadiliko hayo yananithibitishia hoja, kwa sababu mpango wa maisha hauandikwi usiku wa dharura. Upande wa upandikizaji dosari ile ya takwimu ilishughulikiwa kwa ustadi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 haukuwalinganisha waliopandikizwa na kila mtu aliye kwenye mashine, bali na wale waliokuwa katika orodha moja nao, yaani waliokwisha kuonekana wana afya ya kufanyiwa upasuaji. Hatari ya kufa katika majuma mawili ya kwanza ilikuwa kubwa kwa waliopasuliwa. Baada ya muda ikageuka, ikawa pungufu kwa asilimia 68. Na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba mtu akikaa miaka mingi kwenye mashine kabla ya kupata figo, figo hiyo nayo haidumu kama ingepandikizwa mapema. Kungoja si jambo la bure, hasa ukingoja na mrija shingoni.

Turudi nyumbani, ingawa nafasi imenipungukia. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilitia sahihi mikataba ya kukodisha vifaa vya tiba kwa kaunti zote 47, mashine za dayalisisi zikiwemo. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, na baadaye Seneti ikaichambua mikataba hiyo na kuilaani. Ubishi wote ulihusu bei ya mashine. Sikumbuki ubishi wowote kuhusu mpasuaji wa mishipa, ambaye bila yeye mashine ni kabati lenye taa. Mgonjwa wa Garsen anayesafishwa Malindi mara mbili kwa juma husafiri zaidi ya kilomita 400 kila juma, yaani zaidi ya 20,000 kwa mwaka, nusu ya kuizunguka dunia, akiwa na plastiki shingoni, vumbi la barabarani na jasho la matatu. Kipindi kimoja cha saa nne kwenye mashine hupitisha takriban lita 120 za maji yaliyosafishwa kupita yale tunayokunywa. Mfuko wa bima ya afya wa SHA, ulioipokea kazi ya NHIF Oktoba 2024, hulipa shilingi 10,650 kwa kipindi badala ya 9,500 za zamani. Haulipi matatu, wala hauzuii mafuriko. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipokata barabara za kuingia na kutoka Garsen, na tena Aprili na Mei 2024, raia wa kawaida walikosa unga. Anayeishi kwa mashine hupewa na sumu siku chache tu.

Kwa watu wa delta mimi ningeanzia tumboni. Mwaka 1968 Henry Tenckhoff, Mjerumani aliyefanya kazi Seattle, alibuni katheta laini yenye kola mbili za kitambaa inayokaa ndani ya tumbo kwa miaka. Kabla yake alikuwa akimfuata mgonjwa hadi nyumbani kumtoboa upya kila mara, na uchovu huo ndio uliomfundisha. Lita mbili za maji ya dawa huingizwa, utando wa tumbo huchuja sumu, maji hutolewa baada ya saa kadhaa. Mara nne kwa siku, nyumbani, bila umeme, bila mishipa kuguswa. Hong Kong iliifanya njia ya kwanza tangu 1985, na Thailand ikawaanzishia nayo wakulima wa mashambani mwaka 2008. Karibu yetu, hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikiitumia tangu 2009 kwa waliozimikiwa figo ghafla, na sioni kwa nini aliyezimikiwa figo kwa sumu ya nyoka kule Tarasaa, deltani, asipate alichopata wa Moshi.

Najua jibu litakalokuja: tumbo litaingia vijidudu, nyumba za udongo hazina usafi, na maji hayo ya dawa ni ghali. Maambukizi ya tumbo yapo, nayo huua yakipuuzwa. Lakini usafi unaodaiwa hapa ni wa mikono miwili, sabuni na kona moja isiyopulizwa na upepo, na mwanamke wa Kiorma anayetenga vyombo vya maziwa visiguswe na moshi mwingine ila wa kufukizia hahitaji kufundishwa nidhamu ya kazi. Tatizo la bei ni la kweli, na Thailand yenyewe ilipowaachia wagonjwa uhuru wa kuchagua mwaka 2022, wengi walikimbilia mashine. Wao wana mashine jirani na lami. Kwetu hesabu iandikwe pamoja na nauli, siku za kazi zilizopotea, na homa za katheta.

Kuhusu figo zinazouzwa, sheria haina utata: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza biashara ya viungo. Na kwa wasomaji Waislamu wanaoniandikia kuuliza kama kutoa ni halali, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kupandikiza kwa masharti na likaharamisha kuuza. Kaka anayempa dada figo hatendi alichotenda kijana wa Eldoret. Ila figo ya kaka nayo hupotea ikiwa dada amekwisha kuharibiwa mishipa. Kwa hiyo mwenye presha au kisukari aombe kipimo cha figo cha kreatinini kila mwaka, na akiambiwa figo zinashuka, auzuie mkono asioutumia sana usichomwe ovyo. Damu itolewe nyuma ya kiganja. Wauguzi wa zahanati wasione ni ujeuri mgonjwa akiwaonyesha mkono mwingine.

Nimalizie kwa hesabu ya ile njia ya tumbo. Mgonjwa mmoja anayesafishwa kwayo hutumia lita nane za maji ya dawa kwa siku, takriban 240 kwa mwezi, yaani robo tani ya mifuko. Kumi ni tani mbili na nusu, mzigo wa lori dogo. Mvua za masika huanza Machi kwenda Aprili, kwa hiyo shehena ya miezi mitatu yafaa iwe imefika stoo ya Ngao, huko huko deltani, ifikapo mwisho wa Februari. Kutoka hapo hata mtumbwi huweza kuipeleka.